Tulimpigia Makofi Akitoka Mlangoni

Karakana ya Masofa,
Nyuma ya Kituo cha Mafuta,
Mtaa ule ule, mlango ule ule.

Jumapili, 9 Juni

Mpendwa mwanangu, binti wa kaka yangu,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe na mkwe wangu na wale wajukuu zangu wawili, ambao kwa picha uliyotuma naona wamechukua sura yangu, Mungu awasaidie kuubeba uzuri huo. Mna hali gani? Ile baridi bado inawatafuna? Kifua cha mdogo kimepona? Mama yako mdogo ananiuliza habari za kifua hicho kila asubuhi kana kwamba mimi ndiye daktari wake, nami namjibu kila asubuhi kana kwamba ndiye.

Sisi huku hatujambo, kwa kadiri ya umri. Goti langu la kushoto limegoma, lakini la kulia linafanya kazi ya yote mawili na halijaomba nyongeza. Mama yako mdogo macho yake yamepungua nguvu, ila makosa yangu bado anayaona vizuri. Karakana inakwenda. Juzi nimemaliza seti ya masofa ya mheshimiwa mmoja ambaye simtaji, maana yeye mwenyewe akishayakalia atajitaja vya kutosha. Fundi kama mimi hawazaliwi tena, mwanangu. Mtu akikaa kwenye sofa langu, kuinuka ni mpaka aombwe.

Najua unajiuliza kwa nini baba yako mdogo, aliyeiacha shule kabla shule haijamwacha, ameshika kalamu wakati simu iko mfukoni. Ni kwamba kwenye simu mimi ni muongo. Nikiisikia sauti yako tu naanza mzaha, na haya niliyonayo leo mzaha utayameza yote. Karatasi hainichekei. Kwa hiyo tafuta kiti ukae, na chai iwe karibu.

Nianze na habari za ukumbi. Ule ukumbi wa juu ya duka la matairi bado upo, na harufu ya mpira bado inatangulia watazamaji kwenye ngazi. Kikundi cha baba yako kimekua tangu uondoke. Alhamisi tunafanya mazoezi, Jumamosi tunaonyesha, na viti havitoshi. Mjini sasa kuna vikundi vingine viwili vya maigizo ya papo kwa papo, kimoja cha wanafunzi wa chuo, kingine cha wauguzi. Wote wametoka ubavuni mwetu na wote wanadai wao ndio walioanza. Waache. Nimeendesha lori nchi saba, watu wa kujidai nimewaona wa kila rangi.

Tena usicheke, mimi mwenyewe sasa ni nyota. Nilikwenda kushona viti vilivyopasuka, nikakaa kuwaangalia wakifanya mazoezi, nikagundua kwamba wanafanya kwa jasho jambo ambalo mimi nimelifanya maisha yangu yote mpakani, nikizungumza na askari huku karatasi zangu hazijakamilika. Nikapanda. Sijashuka mpaka leo.

Mkwe wangu akikusikia unasoma atauliza ni mchezo gani huo. Mwambie kwamba hakuna kitabu wala maneno ya kukariri. Watazamaji wanatupa neno, sisi tunalijengea nyumba pale pale. Na sheria ni ile moja aliyoiweka baba yako, ambayo wewe ulilelewa nayo: pokea, kisha ongeza. Mwenzako akikwambia wewe ni mbuzi, usianze kubisha kwamba wewe ni fundi masofa. Lia kama mbuzi, kisha uliza nyasi ziko wapi. Anayebisha ameua mchezo.

Sasa, mwanangu, hiyo sheria ndiyo iliyotuponza.

Mwaka huu baba yako amewaka. Sijui nikuelezeje. Mzee wa watu, alikuwa anakaa chini mwaka mzima uliopita akituachia sisi jukwaa, ghafla mwezi wa pili akaanza kupanda kila Jumamosi, na akipanda ukumbi unatulia. Sisi wengine tunamtafuta mtu wa kumwigiza, yeye anakuwa mtu huyo tu. Watu wakampa jina la Mzee Papohapo. Kinyozi wetu, yule tunayemwita Redio kwa kuwa hazimiki, ndiye anayeongoza kikundi siku hizi, naye alikuwa akisimama kwenye ngazi akitangaza, “Njooni mumwone Mzee Papohapo, hajui atasema nini na ninyi hamjui!” Nami nilikuwa nasimama pembeni yake nikimwambia kila apandaye kwamba huyo ni kaka yangu, tumbo moja, na kwamba kipaji hicho kiligawanywa nusu kwa nusu.

Jumamosi moja alikuwa jukwaani na fundi cherehani, yule mama mwembamba mwenye duka karibu na benki, unamkumbuka, ndiye aliyekushonea gauni la harusi. Neno walilopewa na watazamaji lilikuwa “dirisha”. Baba yako akasogea dirishani, yaani dirisha la hewa, akalifungua, akamgeukia fundi akamwita kwa jina la marehemu mama yako. Akamuuliza kama ameshakunywa dawa. Fundi cherehani ni mwigizaji, akapokea. Akasema amekunywa nusu, ni chungu. Baba yako akambembeleza amalizie, akamwambia daktari amesema atapona kabla mtoto hajafunga shule. Mwanangu, kulikuwa na wanaume wazima mle ndani waliokuwa wanajipangusa kwa mikono ya mashati. Makofi yalitikisa matairi huko chini.

Tuliposhuka nyuma ya pazia nikamkumbatia. Yeye akaniuliza, “Dawa amemaliza?” Nikacheka, nikamwambia, “Amemaliza, kaka, na chupa ameilamba!” Fundi cherehani hakucheka. Alinivuta kwenye koti akaniambia polepole, “Fundi, huyu haigizi.” Nikamwambia hajui ukoo wetu, sisi tukiingia kwenye jambo tunaingia na miguu yote miwili. Akaniangalia, akaenda zake kufunga vifungo vya sanduku lake.

Wala hilo halikuwa la kwanza. Tukikaa sasa tukikumbuka, kila mtu ana lake. Aliuliza njia ya choo cha ukumbi aliouanzisha yeye mwenyewe, na mwanafunzi mmoja akamwelekeza kwa sauti ya askari wa barabarani, wakacheka wote. Alivaa viatu viwili tofauti, tukampokea, Jumamosi iliyofuata nusu ya kikundi kikaja na viatu tofauti. Kwingine kokote, ofisini au sokoni, angetokea mtu wa kumwambia, “Mzee, una nini?” Kwetu sisi hakuna kosa. Kila alichosema tulikiongezea kingine juu yake.

Nawe usijione umepona kwa kuwa uko mbali. Ukimuuliza kwenye simu, “Baba, umekula?” anakujibu amekula ng’ombe mzima na kengele yake, unacheka mpaka nasikia mkwe wangu akiuliza kuna nini. Sasa mimi nikuulize: mara ya mwisho amekutaja kwa jina lako ilikuwa lini? Anakuita malkia. Mama yako mdogo anamwita waziri. Mimi siku hizi ni komandoo. Nilidhani ni heshima, nikawa natembea kifua mbele.

Sasa nifike penyewe. Ilikuwa Alhamisi, jioni ya mvua, tuko mazoezini. Baba yako alikuwa amekaa kwenye kiti chake karibu na mlango. Akainuka, akachukua mwavuli, akasema, “Jamani, naenda kumchukua mtoto shuleni. Leo mama yake hayupo.”

Unajua tena. Mtu akiinuka na kusema neno kama hilo ukumbini kwetu, hiyo ni zawadi, ameufungua mchezo. Redio akadaka hapo hapo: “Haya mzee, mwambie asisahau daftari kama jana!” Baba yako akamjibu kwa upole kabisa, “Nitamwambia.” Akafungua mlango, akatoka. Tukampigia makofi akitoka mlangoni, mwanangu. Tulimpigia makofi na baadhi yetu tulipiga miluzi.

Halafu tukaendelea kumjengea. Fundi cherehani hakuwepo siku ile, alikuwa na kazi ya sare. Redio akawa mwalimu, akashika fimbo ya hewa. Na mtoto wa shule nilikuwa mimi. Nilipiga magoti, nikaning’iniza mfuko wa misumari mgongoni, nikaweka kidole mdomoni, nikawa wewe. Nilikuwa wewe mzuri sana. Watu walishika mbavu. Tukawa tunamngoja baba aingie kunichukua, na kadiri alivyochelewa ndivyo tulivyozidi kucheka, tukisema mzee anajua kuuvuta mchezo.

Mpaka Redio akanyamaza. Redio, mwanangu! Akaangalia mlango akasema, “Hivi mbona hatusikii mtu kwenye ngazi?”

Sitaki kukueleza tulivyotawanyika. Mtu wa matairi alifunga duka akatusaidia kwa gari lake. Mimi kwa goti moja nilikimbia kuliko nilivyokimbia nikiwa na mawili. Tuliulizia kituo cha mabasi, hospitali, nyumbani kwake, mpaka kwenye ile kantini alikozoea kunywa chai zamani. Fundi cherehani ndiye aliyepigiwa simu akauliza swali ambalo hakuna mwanamume aliyelifikiria: alisema anaenda wapi? Tukamwambia shuleni. Akasema, “Basi si ameshawaambia? Nendeni shuleni.”

Tulimkuta kwenye geti la shule yako ya msingi. Shule ilishafungwa, taa moja tu inawaka kwenye kibanda cha mlinzi. Mlinzi alikuwa amempa kiti na yeye mwenyewe amesimama. Baba yako amelowa, mwavuli ameufunga, ameuweka mapajani ili usilowe, eti ni wa mtoto. Amekasirika kweli. “Wanawachelewesha watoto na mvua hii,” akaniambia. “Kesho namwona mwalimu mkuu.”

Nikaona hapa pa kusema kweli. Nikachuchumaa, nikamwambia, kaka, watoto wameshatoka wote. Akasema wake hajatoka. Nikamwambia wake ni mtu mzima, ameolewa, yuko nchi ya mbali, na yeye ana watoto wanaokwenda shule. Mwanangu, nimeona ajali barabarani, nimeona lori langu likiungua na mimi nimesimama pembeni na soksi tu. Sijawahi kuona uso kama ule. Aliniuliza, “Ameolewa na mimi sikuambiwa?” Akaanza kulia. Nami nikalia, na Redio akalia, na mlinzi wa watu, asiyemjua hata mmoja wetu, akageukia ukutani.

Fundi cherehani alifika na sindano bado imechomekwa kwenye gauni kifuani. Akainama akamwambia, “Mzee, mtoto ameshachukuliwa na mama yake mdogo. Yuko nyumbani anakunywa chai, anakuuliza.” Baba yako akamwangalia. “Amekula?” “Amekula, anakungoja wewe.” Akainuka mwenyewe akaingia garini.

Tumempeleka kwa daktari wa vichwa, binti mdogo, mpole, anayeongea taratibu. Akamuuliza leo ni siku gani. Baba yako akasema, “Daktari, siku ni zako, mimi nimekuja kukutembelea tu.” Tukacheka sote, na binti akacheka, kisha akaandika. Akauliza mengine mengi, akajibiwa hivyo hivyo. Mwisho aliniita pembeni akaniambia majibu ya mzee ni mazuri sana, ila hakuna hata moja lililojibu. Ni ugonjwa wa kusahau, na umeanza zamani. Vidonge vipo vya kuuchelewesha, vya kuurudisha havipo. Nikamwambia mimi ni dereva, anieleze kidereva. Akafikiri, akasema breki zimeisha, taa zinafifia, lakini honi bado inalia vizuri sana, kwa hiyo watu barabarani wanadhani gari ni zima.

Tumemhamishia kwetu, analala chumba ulichokuwa unalala wewe ukija likizo. Mama yako mdogo anampenda na kumfokea kwa kipimo sawa, na hilo linamfaa.

Kikundi sasa kimepasuka. Tulikaa kikao, kikao kibaya. Redio alisema mzee asipande tena. Hakusema kwa ubaya, sauti ilikuwa inamkatika. Alisema, “Sitaki watu wamcheke mzee aliye kama baba yangu kwa jambo asilolijua. Tulikuwa tunawaita kwenye ngazi waje kumwona mgonjwa.” Wengine wakamuunga mkono. Wengine wakasema pale juu ndipo mahali pekee anapokuwa mzima, mkimshusha mnamzika. Wale wa chuo waliposikia wakatuma salamu kwamba wanamtaka kwao, na Redio akataka kwenda kupigana, kinyozi yule ambaye hata wembe anaushika kwa vidole viwili. Fundi cherehani alisema neno moja tu: “Mkimshusha, mmoja wenu akamwambie, na kesho yake akamwambie tena, na keshokutwa. Maana atasahau kwamba mmemshusha.” Hakuna aliyejitolea.

Mwisho wakakubaliana kwamba ukumbi hautaamua, ukoo ndio uamue. Mpaka hapo asipande. Na ukoo, wakanigeukia mimi. Mimi mwenye mdomo wa kuuza barafu kwa watu wa huko kwenu, nikainama kukagua misumari ya kiti nilichokalia.

Nilimuuliza mwenyewe. Kuna asubuhi anaamka yuko sawa kabisa, unaweza kudhani tumemsingizia. Asubuhi moja kama hiyo tulikuwa tumekaa barazani, nikamweleza yote, bila mzaha, jambo ambalo peke yake lilimtisha. Akasikiliza. Akasema anajua. Akasema alianza kujua siku alipokosa jina langu, na kwamba ndiyo sababu alirudi jukwaani. “Huku nje kila mtu ananiambia kumbuka, kumbuka. Kule juu hakuna anayenidai nikumbuke.” Kisha akaniambia, “Usimwandikie mwanangu. Atakuja na huruma usoni, na mimi huruma siwezi kuigiza nayo.”

Kwa hiyo ujue kwamba nakuandikia nikiwa nimekatazwa. Lakini akishapita mchana hakumbuki kwamba amenikataza, na mimi sikuona haki kuutumia usahaulifu wake kwa hilo, wala kunyamaza kwa kisingizio cha neno lake. Nimeamua kubeba lawama. Mabega ninayo, kama unavyojua, hata fundi wa suti hulalamika.

Sitaki uamue kwa simu. Ukisema kwa simu apande, utasema kwa sababu alikuchekesha. Ukisema asipande, utasema kwa sababu ya barua hii. Njoo umwone mezani, umwone akitafuta mlango wa chumbani, halafu tumwombe Redio atufungulie ukumbi siku isiyo na watazamaji, umwone na pale. Kisha wewe useme. Wewe ndiye damu yake ya karibu. Utakalosema mimi nitalisimamia mbele ya kikundi chote, na anayebisha tutaonana naye nje, na goti langu hili.

Na ukija, jitayarishe. Anaweza kukuita mwalimu. Anaweza kukuuliza kama wewe ni muuguzi aliyetumwa. Usimkatalie kama nilivyofanya mimi pale getini, lakini pia usimwache atoke mlangoni peke yake. Katikati ya hayo mawili sijapajua bado, tutapatafuta pamoja.

Usiseme utakuja mwakani likizo ikifika. Kila alasiri, mwanangu, watoto wa mtaani wakianza kupita na mabegi yao, anavaa koti, anasimama mlangoni, ananiuliza watoto wa shule yako wanatoka saa ngapi. Mama yako mdogo hujifungia chooni akilia, mimi namwambia bado kidogo, kaka, tukae. Watu wananipa pole kwa hilo swali. Mimi silo ninaloliogopa. Naogopa alasiri ambayo watoto watapita na yeye hataniuliza kitu.

Msalimie sana mkwe wangu, mwambie samahani kwa kumnyang’anya mke kwa muda. Wabusu wajukuu, mkubwa mwambie ile baiskeli aliyoiacha nimeipaka rangi upya na inanipita hata mimi kwa kung’aa. Shangazi yako wa bondeni anakusalimu, na binamu yako dereva, ambaye amepata mtoto wa kike na amempa jina lako, na fundi cherehani anasema gauni lake kama bado linakutosha basi huli vizuri huko. Mama yako mdogo anasema umletee miwani, kisha anasema usilete chochote, uje wewe.

Mungu akufungulie njia, akupe moyo mpana na miguu myepesi, na akufikishe kwetu salama baba yako akiwa bado mlangoni.

Ni mimi akupendaye tangu hujaota jino,

Baba yako mdogo,
komandoo wa kaka yake.